Usemi na Picha: Kazi za Ahmed Bouanani wa Moroko

Swali la lugha katika fasihi ya Kiafrika limejadiliwa kwa kirefu, na aghalabu limejadiliwa juu ya kitabu. Mwandishi mmoja ameandika riwaya kwa lugha ya mkoloni, mwingine ameiacha lugha hiyo akarudia ya mamaye. Huyu analaumiwa, yule anasifiwa, na hoja inakwishia hapo. Filamu imewekwa kando kana kwamba haina lugha, au kana kwamba lugha yake ni ya picha tu, isiyowahusu wanaisimu wala wahakiki wa fasihi. Hasara ya kusahau huko si ndogo. Ziko nchi katika bara hili ambamo lugha inayosemwa sokoni na nyumbani haikupewa nafasi shuleni wala katika magazeti, na ambamo sauti iliyonaswa pamoja na picha ni hazina ambayo mtafiti hawezi kuipata kwa urahisi penginepo. Moroko ni mojawapo ya nchi hizo, na Ahmed Bouanani ni mtunzi anayefaa sana kuchunguzwa kwa ajili ya swali hilo.

Bouanani alizaliwa Casablanca mwaka 1938 na kufariki mwaka 2011. Katika historia za filamu anatajwa kuwa mwongozaji wa filamu ndefu moja tu. Katika historia za fasihi anatajwa, pale anapotajwa, kuwa mshairi na mwandishi wa riwaya moja tu kwa Kifaransa. Kila upande humwona mtu wa kazi chache, na kila upande humpita haraka kwenda kwa wengine wenye orodha ndefu zaidi. Mgawanyo huo ndio unaopingwa katika makala haya. Mashairi, filamu, insha, riwaya na kazi yake ya kuhariri filamu za wenzake ni kazi moja, na kazi hiyo ina shabaha moja: kuokoa usemi na kumbukumbu za watu ambao utawala wa kigeni ulikuwa umewapiga picha bila kuwasikiliza.

Kabla ya kuziingia kazi zenyewe, yafaa hali ya lugha za Moroko ielezwe kidogo. Kiarabu cha maandishi ni lugha ya dini, ya shule na ya dola. Kiarabu kinachosemwa na watu, ambacho wenyewe hukiita darija, kiko mbali na hicho kwa matamshi, kwa msamiati na hata kwa baadhi ya miundo ya sentensi. Pamoja na hizo zipo lugha za Kiamazigh: Kitarifit upande wa milima ya Rif kaskazini, Kitamazight katika Atlas ya Kati, na Kitashelhit katika Sous na Atlas Kuu. Juu ya hizo zote kiliwekwa Kifaransa tangu mkataba wa Fes wa mwaka 1912 ulioifanya Moroko kuwa chini ya himaya ya Ufaransa, na Kihispania katika maeneo ya Hispania. Uhuru ulipopatikana mwaka 1956, Kifaransa hakikuondoka. Kilibaki katika ofisi, katika vyuo na katika kalamu za vijana waliosomeshwa kwacho. Kiamazigh kilisubiri hadi katiba ya Julai 2011 ili kitambuliwe kuwa lugha rasmi, miezi michache tu baada ya kifo cha Bouanani.

Yeye ni mtu wa kizazi kilichokulia kati ya lugha hizi. Utoto wake ulipita Casablanca katika miaka ya mwisho ya utawala wa Kifaransa, miaka ya fujo na umwagaji damu, na nyumba ya utotoni pamoja na wazee wake itarudi mara nyingi katika mashairi yake. Baada ya uhuru alikwenda Paris kusomea filamu katika chuo cha IDHEC, akakamilisha masomo mwaka 1963. Aliporudi nyumbani aliajiriwa katika Centre Cinématographique Marocain, taasisi ya serikali ya filamu ambayo ilikuwa imeanzishwa na wakoloni mwaka 1944. Jambo hili halina budi kukumbukwa, maana taasisi hiyo ilirithi mambo mawili kwa pamoja: vyombo vya kutengenezea filamu, na maghala ya filamu zilizopigwa na wakoloni wenyewe. Kijana aliyetaka kusimulia habari za watu wake alikabidhiwa mashine za yule aliyekuwa amewasimulia kwa niaba yao.

Mwaka 1966 mshairi Abdellatif Laâbi na wenzake walianzisha jarida la Souffles mjini Rabat. Jarida hilo, ambalo lilipigwa marufuku mwaka 1972, liliwakusanya washairi, wachoraji na watu wa filamu waliokuwa wakitafuta njia ya kutoka katika utumwa wa fikra. Bouanani alikuwa miongoni mwa waliochapisha humo, naye hakuchapisha mashairi peke yake. Aliandika pia juu ya ushairi wa watu wa kawaida wa Moroko, ule unaoghaniwa na kusimuliwa bila kuandikwa, akidai upewe heshima ya fasihi kamili badala ya kutazamwa kama kichekesho cha watalii. Wasomaji wa Nairobi watakumbuka kwamba miaka miwili tu baadaye, mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao wa kutaka fasihi simulizi iwekwe katikati ya masomo ya chuo kikuu. Kufanana huko kunaonyesha kwamba swali lilikuwa limeiva pande zote mbili za bara, kila upande kwa sababu zake.

Tofauti ni kwamba Bouanani alikuwa na kamera. Fasihi simulizi ya Moroko haikai katika maneno matupu. Anayemsikiliza msimulizi katika duara la wasikilizaji, lile liitwalo halqa, kama lile la uwanja wa Jamaa el Fna mjini Marrakech, anajua kwamba hadithi imo pia mkononi mwa msimulizi, katika fimbo yake, katika kimya chake anapongoja sarafu zidondoke kabla ya kuendelea. Kuiandika hadithi hiyo kitabuni ni kuchukua sehemu na kuacha sehemu. Filamu inaweza, angalau kwa kadiri fulani, kuzichukua zote pamoja.

Mwaka huohuo wa 1966 alitengeneza filamu fupi Tarfaya, ou la marche d'un poète, yaani Tarfaya, au mwendo wa mshairi. Kijana anataka kuwa mshairi, naye anaanza safari ya kumtafuta bingwa wa fani hiyo apate kufunzwa. Kisa hiki hakihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyelelewa katika desturi ya malenga wa pwani, ambako nako ushairi haukufunzwa kwa kitabu bali kwa kukaa karibu na mjuzi. La kuzingatia ni kwamba mwongozaji aliyetoka karibuni tu katika chuo cha Paris alichagua, katika hatua zake za kwanza, kusimulia habari za mtu anayetafuta mwalimu wa aina nyingine kabisa.

Mwaka 1968 ilifuata Six et douze, aliyoitengeneza pamoja na Majid Rechiche na Mohamed Abderrahman Tazi. Hii ni filamu fupi inayolitazama jiji la Casablanca kuanzia alfajiri hadi adhuhuri. Jina lake, Sita na kumi na mbili, lina mzaha usiokusudiwa kwa msemaji wa Kiswahili: kwa saa za Kiswahili jina hilo lingegeuka kichwa chini, maana inaanza saa kumi na mbili asubuhi na kumalizika saa sita mchana. Mfasiri angalazimika kuchagua kati ya kulihifadhi jina na kuihifadhi maana.

Kazi iliyomfanya Bouanani kuwa mwandishi wa historia kwa njia ya picha ni Mémoire 14 ya mwaka 1971. Ilijengwa juu ya shairi lake lenye jina hilohilo, na malighafi yake ilikuwa filamu za zamani zilizopigwa wakati wa ukoloni: gwaride, mikutano ya makaidi, wakulima, majeshi, masoko. Karne ya 14 ya Hijra ilianza mwaka 1883 na kumalizika mwaka 1980, kwa hiyo ndiyo iliyobeba mwanzo, kati na mwisho wa himaya ya Ufaransa. Kuihesabu historia ya nchi kwa kalenda hiyo ni kukataa kwamba historia hiyo ilianza siku mgeni alipoteremka bandarini.

Filamu za habari za enzi ya ukoloni zilikuwa na kanuni moja ya lugha ambayo mwanaisimu hawezi kuipuuza. Mmoroko anaonekana, Mfaransa anasema. Mtu anapita mbele ya kamera, mdomo wake unacheza, lakini maneno yanayosikika ni ya mtangazaji aliyekaa mbali katika chumba cha sauti. Mtu huyo amefanywa bubu katika picha yake mwenyewe. Bouanani alizichukua picha hizo, akazikata na kuziunganisha upya, akaondoa mamlaka ya yule mtangazaji na kuzipangilia kwa mwendo wa shairi. Mkulima aliyewahi kuwa mfano wa unyonge wa wenyeji akawa shahidi. Gwaride lililokusudiwa kuonyesha utulivu likaonyesha idadi ya bunduki. Hakuna picha iliyobadilishwa. Kilichobadilika ni sarufi yao, ile iliyotangulia na ile iliyofuata. Wanaofundisha kwamba maana ya neno hutokana na mahali lilipowekwa katika sentensi hawatapata mfano ulio wazi kuliko huu nje ya lugha yenyewe.

Filamu hiyo ilipomalizika ilikuwa na urefu wa dakika 108. Wadhibiti waliikata, na iliyobaki ni ya dakika 24. Kwa hiyo filamu iliyotengenezwa kwa kukata na kuunga picha za wengine ilikatwa nayo, kwa mkasi wa dola iliyokuwa imekwisha pata uhuru. Jambo hili linatakiwa liwe zito katika hukumu ya kila mhakiki. Mémoire 14 ikionekana siku hizi, watazamaji huisifu kwa ufupi wake, kwa kurukaruka kwake, kwa namna picha moja inavyoivamia nyingine kabla haijamalizika kusema. Sifa hizo pengine ni za haki, lakini sehemu ya mtindo huo ni jeraha. Mhakiki wa utenzi aliyepewa robo ya beti zake asingethubutu kusema kwamba mtunzi alipenda ufupi.

Wakati huohuo Bouanani alikuwa akifanya kazi nyingine ambayo haikumletea jina kubwa, kazi ya mhariri wa filamu. Pamoja na Hamid Bénani, Mohamed Abderrahman Tazi na Mohamed Sekkat aliunda kundi la Sigma 3, na kundi hilo ndilo lililotoa Wechma mwaka 1970, filamu ya Bénani ambayo wengi huihesabu kuwa mlango wa filamu za kisanaa za Moroko. Bouanani ndiye aliyeihariri. Mhariri wa filamu ana nafasi inayofanana na ya mkusanyaji wa fasihi simulizi aliye na masimulizi kumi ya hadithi moja: ana saa nyingi za sauti na picha, naye huamua kipi kianze, kipi kirudiwe, kipi kiachwe. Uamuzi wake hauonekani ukiwa mwema. Miaka mingi ya Bouanani ilipita katika kazi hiyo, na asiyeihesabu hawezi kueleza ni wapi alikojifunza ukali wa kukata maneno unaoonekana katika mashairi yake.

Baada ya filamu fupi Les Quatre Sources ya mwaka 1977, yaani Chemchemi nne, iliyorudi katika ulimwengu wa ngano, ilikuja mwaka 1979 ile filamu ndefu ya pekee. Kwa Kifaransa huitwa Le Mirage, na kwa Kiarabu As-Sarab. Kwa Kiswahili jina hilo halina haja ya kufasiriwa: ni sarabi, neno lilelile lililovuka bahari na kukaa pwani pamoja na mazigazi na mangazimbwe. Ni picha ya maji anayoiona msafiri mwenye kiu mbele yake, na akikaribia haioni tena.

Kisa kinatokea mwaka 1947. Mkulima maskini aitwaye Mohamed Ben Mohamed anapata gunia la unga katika mgao wa serikali ya kikoloni, na ndani ya unga anakuta bunda la noti. Anamchukua mkewe Hachemia na kwenda mjini kuitafuta bahati ambayo fedha hiyo inaiahidi. Mji unawameza. Kila njia inaelekea kwenye njia nyingine, kila mtu wanayekutana naye ana hadithi yake, na fedha iliyotakiwa kufungua milango inawafanya wapotee. Filamu ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na mkulima ameigizwa na Mohamed Habachi kwa utulivu wa mtu ambaye bado hajaamini kwamba amepotea.

Mwaka na gunia havikuchaguliwa ovyo. Wamoroko wa umri ule waliikumbuka njaa ya mwaka 1945, ambayo mpaka leo huitwa mwaka wa bon, kwa sababu chakula kilipatikana kwa vibali vya mgao vyenye jina hilo la Kifaransa. Neno la ofisi ya kigeni likawa jina la mwaka mzima katika usemi wa watu, kama vile pwani na bara katika Afrika Mashariki miaka ya njaa ilivyopewa majina ya kilicholiwa au kilichokosekana. Na mwaka 1947 wenyewe ndio mwaka Sultani Mohammed wa Tano alipokwenda Tangier mwezi wa Aprili na kutoa hotuba iliyowapa wazalendo moyo mpya. Kwa hiyo gunia la unga lenye fedha ndani yake limewekwa baina ya njaa na tumaini. Ni zawadi ya mkoloni iliyo na kitu kisichojulikana ndani yake. Anayeila hajui anakula nini.

Jina la mkulima nalo linastahili kutazamwa. Mohamed mwana wa Mohamed ni mtu yeyote, mtoto wa mtu yeyote. Ni jina la ngano kabla ya kuwa jina la kitambulisho. Mwongozo mzima wa filamu unafuata kanuni za hadithi ya kusimuliwa kuliko zile za riwaya ya kimagharibi: mtu anatoka nyumbani, anapata kitu cha ajabu, anakutana na huyu na yule njiani, na kila kukutana ni kisa kinachoweza kusimama peke yake. Wahakiki wanaolalamika kwamba filamu hii inazunguka bila kufika wamesahau kwamba msimulizi wa halqa hana haraka ya kufika. Hata hivyo lawama hiyo haikosi ukweli wote. Ziko sehemu za katikati ambamo mtazamaji asiyeijua darija, anayetegemea maandishi ya tafsiri chini ya picha, hubaki ameshika picha nzuri bila kujua kwa nini anaonyeshwa. Kosa hapo ni la tafsiri zaidi kuliko la mtunzi, maana kinachozishikilia sehemu hizo ni mazungumzo.

Mazungumzo hayo ni ya darija. Hapa ndipo ulinganisho na Sembène Ousmane wa Senegali unapokuwa na manufaa. Sembène alichapisha hadithi ya Le Mandat kwa Kifaransa mwaka 1966, kisha mwaka 1968 akaigeuza kuwa filamu Mandabi, ambayo wahusika wake wanazungumza Kiwolof. Humo nako mtu asiyejua kusoma anapokea fedha ya karatasi kutoka mbali, hundi ya posta iliyotumwa na mpwa wake aliye Paris, na karatasi hiyo inamtembeza kutoka ofisi moja hadi nyingine mpaka anadhulumiwa. Katika filamu zote mbili fedha ni maandishi yasiyosomeka na mtu aliyeyashika. Wote wawili, Sembène na Bouanani, waliandika vitabu kwa Kifaransa na kuwapa watu wa filamu zao lugha yao wenyewe. Lakini Sembène alieleza kazi yake kwa uwazi kama njia ya kuwafikia wasiosoma, na filamu yake inakwenda moja kwa moja kama hoja. Bouanani hana hoja ya namna hiyo. Darija katika As-Sarab haikuwekwa ili ujumbe ufike. Imewekwa kwa sababu watu hao, mwaka huo, wasingeweza kupotea kwa lugha nyingine.

Je, kwa nini basi mtu huyohuyo aliandika mashairi kwa Kifaransa? Swali hili huulizwa kwa sauti ya hakimu, na jibu la kawaida ni kwamba kizazi chake kilisomeshwa hivyo. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi. Ukizisoma kazi zake pamoja, unaona mgawanyo wa kazi kati ya lugha. Kifaransa ni lugha ya ukurasa, ya mtu aliye peke yake usiku na wafu wake. Kiarabu cha watu ni lugha ya sauti, ya watu wengi kwa pamoja. Les Persiennes, diwani iliyotoka mwaka 1980, ina nyumba ya zamani ya Casablanca yenye madirisha ya mbao, na ndani yake kumbukumbu za jamaa, vita na maji ya baharini. Photogrammes ya mwaka 1989 imechukua jina lake kutoka kwenye chumba cha mhariri, maana neno hilo ni picha moja iliyosimama katika ukanda wa filamu. Humo Kifaransa chake kimejaa majina, viapo na mizaha ambayo Mfaransa wa Paris haitambui. Si sawa kusema kwamba aliikimbia lugha yake. Ni sawa zaidi kusema kwamba aliiweka mahali ambapo ingeweza kusikika.

Riwaya yake L'Hôpital ilitoka Rabat mwaka 1990, nayo ina asili katika ugonjwa wa mwandishi mwenyewe, aliyelazwa kwa kifua kikuu katika miaka ya 1960. Msimulizi anaingia lango la hospitali, na lango hilo halionekani tena kuwa na njia ya kutokea. Wagonjwa wanaitwa kwa majina ya utani. Wanasimulia. Hawana kingine cha kufanya wala kingine cha kumiliki. Hapa riwaya ya Kifaransa imegeuka kuwa halqa ya wagonjwa, duara la watu wanaotoa hadithi ili usiku upite, na mwandishi ndiye anayekusanya. Ukiiweka kando ya As-Sarab unaona ujenzi uleule: mahali pasipo na mlango, watu wenye majina ya ngano, na masimulizi yanayoingiliana.

Baada ya mwaka 1979 Bouanani hakuongoza tena filamu ndefu. Mfuko wa serikali wa kuzisaidia filamu ulianzishwa mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya As-Sarab, na wengine wakautumia. Yeye aliendelea kuandika, mengi bila kuchapisha. Kwa mwongozaji Daoud Aoulad-Syad aliandika miswada ya filamu mbili, Adieu forain ya mwaka 1998 na Le Cheval de vent ya mwaka 2001. Ya kwanza ni habari za watumbuizaji wanaozunguka mijini na vijijini na burudani yao ambayo watu hawaitaki tena. Ya pili ni ya mzee na kijana walio njiani. Mtu anayejua Tarfaya ya mwaka 1966 atatambua kwamba safari ni ileile, ila sasa anayesafiri ni yule mzee mwenye hadithi, na hakuna anayemngoja.

Alitoa diwani ya tatu, Territoire de l'instant, mwaka 2000. Mwaka 2006 moto uliunguza nyumba yake ya Rabat pamoja na sehemu ya karatasi zake. Alimaliza siku zake Aït Oumghar, kijiji cha upande wa Demnate katika milima ya Atlas, akafariki huko Februari 2011. Mwaka 2012 L'Hôpital ilichapishwa upya Moroko na Ufaransa, na ndipo wasomaji wengi walipoisikia kwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 riwaya hiyo na mashairi ya Les Persiennes vilitolewa kwa Kiingereza. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Ali Essafi alikuwa ametoa filamu ya kumbukumbu juu yake, akimwacha mzee mwenyewe aseme mbele ya kamera, jambo ambalo maishani mwake alikuwa amewafanyia wengine. Mwaka 2020 ilichapishwa La Septième Porte, historia ya filamu nchini Moroko kuanzia mwaka 1907 hadi 1986, aliyokuwa ameiandika miaka mingi kabla. Mwaka 1907 ndio mwaka majeshi ya Ufaransa yalipoupiga mji wa Casablanca kwa mizinga, na Bouanani hakuona haja ya kuitenganisha historia ya picha na historia hiyo. Karatasi zilizosalia zinatunzwa na kupangwa na binti yake Touda Bouanani, ambaye naye ni msanii wa video.

Kwa idara za lugha kazi iliyobaki ni ya aina inayojulikana. Mazungumzo ya As-Sarab yangefaa kunukuliwa kwa ukamilifu, neno kwa neno, kwa tahajia inayoheshimu matamshi ya darija, kama yanukuliwavyo masimulizi ya ngano, na ndipo yafasiriwe kutoka humo na siyo kutoka kwenye Kifaransa cha chini ya picha. Mfasiri wa Kiswahili atakuta mara kwa mara kwamba neno la Kiarabu tayari analo, na atalazimika kuangalia kama maana yake haikubadilika njiani. Kuhusu Mémoire 14, zipo zile dakika 24 na lipo shairi. Anayetaka kukisia dakika 84 zilizokatwa zilikuwa na mwendo gani hana pa kuanzia ila katika shairi hilo, aya kwa aya, akiwa na filamu iliyobaki mkono wa pili.